Mumunye la Mhindi, Sufuria ya Kapera

Mwezi uliopita niligusia kwa mstari mmoja tu kwamba mumunye, mboga tunayoipita sokoni kama mtu anayetudai, Mhindi akiipika nyumbani kwake sahani hurudi imefutwa. Sikutarajia barua. Zimekuja, tena si haba. Naanza na ya huyu kijana kwa sababu ameeleza makosa yake bila kuona haya, na mpishi wa namna hiyo hufundishika.

*Shikamoo Bi. Mimi ni kapera, nimepanga chumba kimoja Mikindani na nafanya kazi kwenye ghala huko Shimanzi. Karani wetu ni mzee wa Kihindi. Saa saba hufungua kibati chake: chapati nne nyembamba na mboga ya manjano. Siku moja alinimegea. Nikadhani ni kiazi, akacheka, akasema ni "dudhi". Nilipomuuliza inauzwa wapi, akaninyooshea kidole kwa mama muuza mboga pale nje. Kumbe mumunye! Lile lile ambalo hawe wangu, yaani bibi, kule Kaloleni akilipika mimi nikikimbilia kwa jirani. Nimejaribu mara mbili. Mara ya kwanza nilipata supu. Mara ya pili nikatia masala ya pakiti, ikatoka mboga yenye ladha ya pakiti. Nina gesi ya jiko moja na sufuria mbili. Nakosea wapi?*
*Kapera, Mikindani*

Marahaba, mwanangu. Mara zote mbili umekosea pale pale: maji. Mumunye ni maji yaliyovaa ngozi. Ukiliongezea mengine, unapika mvua.

Dudhi ni jina la Kigujarati, na Mhindi wa kaskazini atakwambia lauki. Mmea ni huo huo wetu, ambao tunda lake likiachwa likomae na kukauka, wagema wa kwenu Kaloleni hupata kibuyu cha kutilia tembo. Ndiyo sababu hawe alikukimbiza. Nahisi alikuwa akipika lililokwisha anza safari ya kuwa kibuyu. Wazee husema mumunye huharibikia ukubwani. Wao humsema mtu, lakini wewe ukiwa sokoni lichukue neno hilo jinsi lilivyo. Tafuta lisilopita urefu wa mkono wako kutoka kiwiko hadi kifundo, la kijani cha kupauka, lenye manyoya laini ukilipapasa, na zito kuliko ulivyotazamia. Kisha fanya nifanyavyo mimi Marikiti wakati muuzaji anamtazama mteja mwingine: bonyeza ukucha karibu na kikonyo. Ukucha ukizama kama kwenye siagi, nunua. Ukigota, rudisha na uombe radhi.

Sasa upishi. Sikuujua kwenye kitabu. Nimelelewa Kibokoni katika nyumba ya ghorofa, sisi chini, na juu mjane wa Kigujarati tuliyemwita Masi, yaani mama mdogo kwa lugha yao. Alikuwa Mjaini, yaani wa dini ya Kijaini ya India, wa wale wanaosali kwenye lile hekalu jeupe la Langoni. Hali nyama, hali samaki, hali yai. Hayo twajua Wahindi wengi hawali. Lakini Masi pia alikuwa hali kitunguu, hali thomu, hali kiazi wala karoti, kwa sababu ukiving'oa unaua mmea mzima na vijidudu vilivyo udongoni. Na jua likizama, hatii kitu kinywani mpaka asubuhi. Sasa jiulize: mtu asiyetumia kitunguu wala thomu, chakula chake kinanukiaje hadi watoto wa Kiislamu wa chini wanapanda ngazi bila kuitwa? Jibu lilikuwa ndani ya kibati cha duara chenye vikopo saba vidogo, na katika mpangilio wa kuvitumia.

Utahitaji mumunye la nusu kilo, robo kikombe cha dengu za manjano zilizopasuliwa (zile zinazosagwa kuwa unga wa dengu), mafuta vijiko vitatu vya kulia, haradali nyeusi nusu kijiko cha chai, bizari nyembamba kiasi hicho hicho, bizari ya manjano nusu kijiko, gilgilani ya unga kijiko kimoja, pilipili ya unga upendavyo, mvuje (ule utomvu mkavu wenye harufu kali) kiasi cha punje mbili za mchele, chumvi, kipande cha sukari guru kama kucha ya kidole gumba, na nusu ndimu. Ukipata majani ya limdo, yale madogo ya kijani yanayouzwa kwa shada nyuma ya Marikiti, tia saba au manane. Ukikosa, usilie.

Ukirudi kazini loweka dengu kwanza. Oga, sali, jinyooshe. Zikikaa saa moja na nusu, zichemshe kwenye sufuria ndogo kwa dakika ishirini na tano hivi. Unataka dengu moja ibonyee ukiifinya, lakini isisambaratike. Zimwage maji, ziweke kando. Menya mumunye, ukate vipande vya ukubwa wa kete ya bao. Ionje kipande kimoja kibichi kwa ncha ya ulimi. Sababu utaiona kwenye jibu la tatu, na usiiruke.

Hapa ndipo penye kazi. Weka mafuta kwenye sufuria kubwa, moto wa wastani. Tupia punje moja ya haradali. Ikikaa kimya, ngoja. Ikiruka, tia zote na ufunike nusu, maana zitalia kama changarawe juu ya bati. Kelele zikianza kupungua tia bizari nyembamba, uhesabu hadi tano, halafu mvuje na majani ya limdo, na papo hapo mumunye lote. Usingoje hata kupokea simu. Bizari ya manjano mwage juu ya mumunye, si ndani ya mafuta, kwa kuwa ikigusa mafuta makali huungua na kuwa chungu. Tia chumvi, geuza mara mbili kwa mwiko.

Mafuta ya moto namna hii wao huyaita vaghar. Nilipokuwa na miaka kumi na miwili Masi aliniachia niyafanye mwenyewe siku moja. Mimi, kwa ujuzi wangu wote, nikangoja mpaka mafuta yafuke moshi ndipo nikamimina haradali. Moja ikanipiga chini ya jicho, zilizobaki zikawa mkaa. Masi hakusema neno. Alimwaga, akaosha sufuria, akaiweka jikoni tena, akanipa chupa ya mafuta. Tangu siku hiyo sijaunguza haradali, na mafuta yakifuka moshi nayaacha yapoe kwanza.

Turudi kwako. Badala ya kifuniko, funika sufuria kwa sahani ya bati yenye kina, kisha mimina maji ya baridi ndani ya sahani hiyo, vidole viwili. Punguza moto. Mvuke wa mumunye ukipanda unagonga sahani baridi, unageuka matone, unarudi chini. Mboga inaiva kwa maji yake yenyewe, na wewe hujaongeza hata tone. Yale ya juu yakishapata moto na mumunye bado linagota, mimina kidogo ndani, yatakuwa moto tayari na hayatakatiza mboga. Kwa mumunye changa huenda usiyahitaji. Baada ya dakika kumi na mbili au kumi na tano kipande kinapenyeza mwanga pembeni. Hapo changanya dengu, gilgilani, pilipili na sukari guru, acha dakika tano bila kufunika, zima, kamulia ndimu. Basi.

Sukari guru usiitilie shaka. Wagujarati hutia utamu kidogo karibu katika kila mboga, na pamoja na ndimu ndiyo inayoipa hiyo dudhi ladha uliyodhani ni ya kiazi. Na pakiti siichukii. Mume wangu marehemu aliitumia hadi kwenye mayai. Ila masala ya pakiti yametengenezwa kuisimamia nyama, na mumunye halina nguvu ya kushindana nayo. Mboga pole hutaka bizari chache.

Kula na wali, au na chapati. Zile za mzee wako ni rotli, hazisokotwi kwa mafuta kama zetu. Hata kwa ugali sioni kosa.

*Bi, nimeolewa Majengo miezi mitano sasa. Ulipowahi kutaja mvuje nilikwenda kununua, nikaweka kabatini karibu na majani ya chai. Mama mkwe alipofungua kabati alirudi nyuma hatua mbili. Jioni mume wangu akaniuliza kwa upole ni nani tunayemfukuza humu ndani. Niseme nini?*
*Bi Harusi, Majengo*

Pole mwanangu, nimecheka hadi miwani ikaanguka.

Mkwe wako hana kosa. Katika nyumba zetu mvuje ni wa kumfungia mtoto mchanga kwenye kitambaa, au wa kufukiza ili wabaya wasisogee. Nani angetarajia kuukuta kabatini karibu na chai? Mwambie mvuje ni utomvu wa mzizi wa mmea unaoota Iran na Afghanistan, unagemwa na kukaushwa. Wahindi huununua kutoka huko na kuula kila siku. Harufu ile mbaya ikiingia kwenye mafuta moto hubadilika kuwa kama ya kitunguu na thomu vilivyokaangwa, na ndiyo maana Wajaini na Waswaminarayan (wafuasi wa dhehebu moja la Kihindu), ambao hivyo viwili hawali, hawawezi kuishi bila mvuje. Ule wa unga wa kopo umechanganywa na unga wa nafaka na gundi, kwa hiyo ni mpole kuliko wa bonge. Anza na huo.

Lakini maneno hayatoshi. Mpikie. Fanya mboga niliyompa yule kapera, na kabla ya kutia mvuje mwite mkwe jikoni kwa kisingizio chochote, aje asikie harufu inavyogeuka mbele yake. Na huo mvuje uhamishie kwenye kopo la kioo lenye kifuniko cha kukaza, uliweke mbali. Majani ya chai yaliyolala nao usiku mmoja hayanyweki. Yatupe tu.

*Assalaam aleikum. Mume wangu ana kisukari. Rafiki yake alimwambia anywe glasi ya mumunye bichi lililosagwa kila alfajiri. Siku ya tisa ilikuwa chungu. Yeye akasema dawa ndivyo ilivyo, akaimaliza. Kabla ya saa mbili asubuhi alikuwa akitapika na kuendesha. Sasa amepata nafuu, lakini anataka kuanza tena. Tufanye nini?*
*Mama Watatu, Tudor*

Waaleikumu salaam. Asianze tena. Hili nitalisema bila mzaha.

Mumunye zuri halina uchungu. Ukilionja bichi linafanana na tango. Likiwa chungu, maana yake ndani yake kuna sumu ambayo mimea ya jamii ya maboga na matango hujitengenezea kujilinda na wadudu, na wataalamu huiita kukabitasini. Kupika hakuiondoi. Chumvi haiiondoi, wala kuloweka, wala sukari. Inaweza kuleta kutapika, kuharisha, hata kutapika damu, na India watu wameshakufa kwa juisi ya namna hiyo. Na juisi ni mbaya kuliko mboga kwa sababu mtu humeza mumunye zima kwa pumzi moja. Tena hulimeza akiwa amejiaminisha kwamba uchungu ndio uponyaji, kama mumeo.

Kwa hiyo kila mumunye, hata ukilinunua kwa mtu unayemjua miaka ishirini, kata kipande upande wa kikonyo, kingine upande wa pili, gusisha ulimi. Chungu? Tema, sukutua mdomo, tupa lote. Usilionee huruma kwa sababu ulitoa pesa. Na akipata tena hali ile baada ya kula au kunywa, msikae nyumbani mkingoja, nendeni hospitali na mueleze alikula nini.

Kisukari chake akizungumze na daktari wake. Mimi nitasema la jikoni tu: mboga ile ya juu mpikie bila sukari guru, ongeza ndimu, na mwangalie zaidi kwenye idadi ya chapati kuliko kwenye mumunye.

*Bi, sisi huku Likoni mumunye twalipika kwa tui. Nikitia tui kwenye hiyo ya Kihindi nitakuwa nimeharibu?*
*Mpenda Nazi, Likoni*

Utakuwa umetoka Gujarat ukaingia Kerala, basi.

Watu hufikiri India ni jikoni moja. Masi angeona tui juu ya dudhi yake angeweka mkono kifuani. Lakini Kerala, pwani ya kusini-magharibi, minazi imejaa kama Kwale, na wana chakula kinaitwa olan. Ni boga jeupe na kunde, vinachemshwa polepole, halafu tui, pilipili mbichi zilizopasuliwa, majani ya limdo, na mwisho kijiko cha mafuta ya nazi mabichi juu. Hakuna haradali, hakuna bizari ya manjano, hakuna unga wowote. Kinabaki cheupe. Mimi nimekipika kwa mumunye na kunde za Kongowea, na bibi mmoja wa Mtongwe aliyekuwa mgeni wangu alikula sahani mbili akaniuliza kwa nini nasema ni chakula cha Wahindi.

Ukitaka kujaribu: kunde zichemshwe kwanza mpaka ziive, kisha mumunye na pilipili mbichi mbili na chumvi ndani ya tui la pili. Likilainika tia tui zito, lipate moto bila kutokota, na uzime. Pilipili usizisage. Ndiyo siri yake.

*Wanangu wawili wakiona kitu cha kijani kwenye sahani wanashika tumbo. Kuna namna ya kuwadanganya?*
*Baba Mchovu, Bombolulu*

Ipo, nami sioni dhambi.

Kuna kitafunio cha Kigujarati kinaitwa muthia. Jina limetokana na ngumi, kwa sababu unga wake unaufinya kwenye kiganja na alama za vidole hubaki. Kwaruza mumunye lililomenywa upate vikombe viwili. Lifinye kidogo, maji yake uyahifadhi. Changanya na kikombe kimoja cha unga wa ngano usiokobolewa, nusu kikombe cha unga wa dengu, tangawizi na pilipili mbichi zilizotwangwa (tangawizi naitia mimi, Masi hakuitia, nayo ni mzizi), bizari ya manjano kidogo, dania iliyokatwakatwa, chumvi, kijiko cha sukari, nusu ndimu, vijiko viwili vya mafuta na soda ya kuokea ya kubana kwa vidole viwili. Kanda mara moja, bila nguvu. Utanata, kwa hiyo paka mikono mafuta. Ukionekana mkavu, ndipo urudishe yale maji uliyoyahifadhi kijiko kwa kijiko. Usikimbilie bomba.

Finya vipande virefu kama muhogo mdogo, vipange kwenye chujio la bati lililopakwa mafuta, uweke juu ya sufuria ya maji yanayochemka na ufunike. Dakika ishirini hadi ishirini na tano. Chomeka kisu, kikitoka kikavu, tayari. Viache vipoe kabisa, na hapa watoto watakusumbua, maana ukivikata vikiwa moto vitamomonyoka. Vikate vipande, uvirushe kwenye vaghar ya haradali na ufuta mpaka vipate rangi kahawia pembeni.

Wakikuuliza ni nini, sema ni binamu wa bajia. Wangu walijua ukweli walipokuwa sekondari, na aliyewaambia ni Masi mwenyewe, kutoka dirishani, akiwashushia bakuli kwa kamba.

*Maganda ya mumunye nitupe?*
*Mbahili, Changamwe*

Usitupe. Ya mumunye changa yaoshe, yakate membamba kama tambi, yakaange kwa mafuta kidogo na ufuta na chumvi mpaka yalie yakiguswa na mwiko. Pilipili juu, ndimu ukitaka. Ila yale ya mumunye kubwa mpe mbuzi.